UZI: Mzee wa risasi mbili kila mwaka. Tuliowahi kukaa kaunta ya duka la silaha kanda ya ziwa tukutane hapa

#1 Kaunta ya Zamani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nilifanya kazi duka la silaha hapa Mwanza mjini kuanzia 2007 hadi 2016. Jina la duka naliacha. Niliingia kama kijana wa kufagia na kubeba maboksi, mwaka wa pili nikakabidhiwa rejista. Kazi yangu ikawa kupokea leseni, kuandika jina, namba ya leseni na idadi ya risasi, kisha kumwonyesha mteja pa kusaini. Ukikaa hapo miaka tisa unaona mengi, ila mteja mmoja amenikaa kichwani mpaka leo na naomba mnisaidie kumwelewa.

Ni mzee wa Ukerewe. Alikuja kila mwaka, mara moja tu, wiki zile mvua za kwanza zinapoanza kupiga mwezi wa 11. Alikuwa anashuka na boti ya asubuhi kutoka Nansio na kuja dukani moja kwa moja. Leseni aliifunga kwenye mfuko wa rambo, rambo ikafungwa kwa uzi wa nyavu, na ule uzi aliufungua kwa meno. Leseni siku zote imelipiwa, sijamkuta na deni hata mara moja. Halafu anasema, "Mbili, kijana wangu." Risasi mbili. Siyo boksi.

Akishasaini, anaingiza mkono kwenye koti na kuweka juu ya kaunta maganda mawili. Zile mbili za mwaka jana, zimeshapigwa. Mwaka wa kwanza nilimuuliza, "Babu, haya ya nini?" Akanijibu neno moja: "Hesabu." Akaaga, akaondoka.

Hakuna aliyemwambia arudishe maganda. Na kuna jambo nililiona kwa sababu niliyanusa: ganda moja lilikuwa bado lina harufu ya baruti, jingine halinuki kitu kabisa. Maana yake hayakupigwa siku moja. Ilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mara ya mwisho kumwona ni 2016, mwaka ule wa uhakiki wa silaha nchi nzima.

Risasi mbili kwa mwaka, zinapigwa nyakati tofauti, maganda yanarudi dukani. Mzee alikuwa anafanya nini? Na wewe uliyekaa kaunta, mteja gani hujamsahau?

#2 Ngosha wa Magu

Naweka kambi hapa mkuu. Ila swali lako mbona jepesi, hao ni viboko. Kwetu pembezoni mwa ziwa kila mwenye mpunga anajua. Unapiga mmoja hewani mpunga ukishika, wa pili ukianza kutoa masuke. Kiboko akisikia mlio anahama upande wiki nzima. Ndiyo maana ganda moja la zamani, jingine jipya. Kesi imefungwa.

#3 Fundi Mtutu

Usifunge kesi bado, Ngosha. Mleta uzi, ilikuwa bunduki gani? Leseni iliandika nini?

#4 Dada wa Kirumba

Nimesoma yote kwa utulivu. Swali langu moja tu: alikuwa anakuja peke yake?

#5 Kaunta ya Zamani

@Fundi Mtutu Leseni iliandika bunduki ya marisau, Greener, geji 12. Yenyewe sikuwahi kuiona, hakuja nayo hata siku moja. Zamani nilijua Greener kwa walinzi tu, wale wanaokaa nje ya maghala na mabenki.

#6 Fundi Mtutu

Sasa tunaongea. Nimekarabati Greener nyingi tangu nikiwa mwanafunzi wa marehemu mwalimu wangu. Ni bunduki ya Birmingham, Uingereza. Ile inayozagaa huku ni ya mtutu mmoja, mtindo wa Martini: chini ya kishikio kuna wenzo, ukiushusha kinatokea kitako cha ganda, ganda linaruka, unaweka jingine, unapandisha. Ni chuma kigumu, unaikuta ina umri wa babu yako na bado inafanya kazi.

Tatizo la bunduki za zamani ni chemba, pale risasi inapokaa. Nyingine zilichongwa kwa risasi za urefu wa milimita 65, na risasi nyingi za siku hizi ni 70. Wateja hawaamini kwa sababu risasi ya 70 inaingia vizuri tu na mlango unafunga. Kile kipimo ni cha ganda likishafunguka mdomo, siyo likiwa jipya mkononi. Ukipiga, mdomo unafunguka pasipo na nafasi, presha inapanda, bega linakuambia. Mzee kama huyo labda fundi alimwonya: baba, hii usiichoshe, piga pale unapolazimika. Mbili kwa mwaka ni mtu anayeitunza bunduki.

#7 Samaki Mkavu

Wote mnazunguka mbuyu. Ni sheria. Sheria ya silaha ya 1991 inamtaka mmiliki arudishe maganda ndipo auziwe nyingine. Mzee alikuwa raia mwema, basi.

#8 Afande Mstaafu

Samaki Mkavu, nikusahihishe kwa heshima. Sheria ya Silaha na Risasi ya 1991 ilishafutwa, tangu 2015 tunatumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi. Hata hivyo mzee alianza kuja wakati ile ya zamani ipo kazini, kwa hiyo hapo sikubani sana. Ninachokubana ni maganda. Nimekaa vituo vinne vya kanda hii na sijawahi kumdai mwananchi ganda ili alipie leseni yake. Tulikuwa tunaangalia leseni, tunaangalia silaha yenyewe na namba yake, tunaangalia risasi alizonunua. Mzee alijiwekea utaratibu wake mwenyewe.

Na mzee mwenye utaratibu hivyo tulikuwa tunampenda. Wengi uhakiki wa 2016 uliwakuta bunduki iko kwa shemeji, shemeji alikuwa Geita, sasa amehamia Chunya.

#9 Mama Minza

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Na mimi nilikaa kaunta kama hiyo, ila Musoma, na nilikuwa mwanamke pekee pale dukani. Mteja wangu alikuwa mama mmoja wa Majita.

Ni 2011, Jumatatu asubuhi, duka ndiyo limefunguliwa. Kaingia amebeba mkeka uliokunjwa begani. Nikajua anauza mikeka. Akaulaza juu ya kaunta kama mtu anayemlaza mtoto, akafungua kamba, ndani kuna bunduki ya marisau. Akasema, "Mwanangu, nimewaletea kitu chenu." Mume wake amefariki, arobaini imepita, na yeye aliamini bunduki ikishamaliza mwenyewe inarudi duka lilikotoka.

Nikaifungua niangalie. Risasi imo ndani! Shaba ya kitako imeota kutu ya kijani kibichi. Nikasikia miguu inakufa ganzi. Mama amesafiri na ile kitu kwenye basi, ameiweka chini ya viti, abiria wameikanyaga kanyaga mpaka Musoma. Nikamuuliza, "Mama, uliigusa popote?" Akasema, "Sijaigusa, nilikunja mkeka tu kama baba yenu alivyoiacha nyuma ya mlango."

Niliitoa risasi ile, mikono inatetemeka, tukaenda naye polisi kwa miguu. Leseni ni ya mtu, haifuati bunduki. Mwenyewe akifa silaha inakabidhiwa, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake upya kuanzia serikali ya mtaa au kijiji. Mama hakulia njiani wala dukani. Alilia pale askari alipoandika neno "marehemu" mbele ya jina. Tulipomaliza akaomba kitu kimoja: mkeka wake.

#10 Ngosha wa Magu

Mama Minza umenimaliza. Wabeja mayu.

#11 Kijana wa Nyakato

Pole sana mama. Kwa kweli nilikuja kucheka nimekuta msiba.

#12 Boya Jeupe

Ngoja nichangamshe. Mimi upande wangu ni wa mteja. Ni mvuvi, mwalo wangu nauacha. Mwaka 2009 nilitumwa na tajiri yangu mjini nikanunue risasi za nyavu, chubwi za kuzamishia nyavu zilikuwa zimeisha. Nikauliza kijana wa bodaboda, "Risasi zinauzwa wapi?" Akanipeleka moja kwa moja mpaka mlango wenye vyuma. Nikaingia, nikasalimia, nikasema, "Naomba risasi kilo tano."

Kimya. Mzee wa Kihindi akavua miwani. Mlinzi akasogea mlangoni. Wakaniuliza leseni, nikatoa leseni ya uvuvi! Wakaniuliza nataka za kupiga nini, nikawajibu kwa nia njema kabisa, "Za kuzamisha, tajiri, siyo za kupiga."

Tulielewana baada ya dakika kumi. Yule mzee alicheka mpaka akaniagizia soda. Akanielekeza kwa wauza betri chakavu, kule ndiko nilikopata madini yenyewe.

#13 Kaunta ya Zamani

@Boya Jeupe Nakuapia hata kwetu walikuja zaidi ya wawili na swali hilo hilo. Bosi wangu alikuwa anasema kosa siyo lao, ni lugha: risasi ni jina la yale madini mazito kabla haijawa ya bunduki.

#14 Fundi Mtutu

Na bosi wako hakukosea. Geji 12 yenyewe inatoka huko. Chukua ratili moja ya risasi, madini, ugawe goroli 12 zilizo sawa, unene wa goroli moja ndio upana wa mtutu wa geji 12. Geji 20 umegawa ishirini, kwa hiyo mtutu ni mwembamba. Watu wanadhani 20 ni kubwa kuliko 12.

Kosa hilo hilo lilimletea balaa mteja ambaye mimi sitamsahau. Mlinzi wa kinu cha pamba, alikuja karakana amebeba mtutu peke yake, hauna kitako. Umechanika mbele ya chemba kama ganda la ndizi. Mkono wa kushoto una bandeji, vidole viwili hakuna. Alikuwa amepewa risasi ya geji 20 akaiingiza kwenye bunduki ya 12. Ikateleza ikaenda kukwama ndani ya mtutu, huku nyuma chemba inaonekana tupu. Akafyatua, kimya. Akadhani hajaweka kitu. Akaweka ya 12 nyuma yake, akafyatua.

Ndiyo maana risasi za geji 20 zinatengenezwa za njano, mtu azijue hata gizani kwa tochi. Yeye aliletewa njano akaona ni urembo.

Sasa sikilizeni alichonifuata. Aliuweka mtutu mezani, akaniuliza kwa upole sana, "Fundi, unaweza kuuchomelea?" Bunduki ni ya kampuni, anaogopa kukatwa mshahara. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa chai kwanza.

#15 Samaki Mkavu

Daah. Fundi, na huyo ulimfanyaje?

#16 Fundi Mtutu

Nilimwandikia barua ya fundi kwa mwajiri, kwamba bunduki haitengenezeki na kwamba risasi aliyopewa siyo yake. Aliniambia baadaye alihamishiwa geti la ndani. Zaidi ya hapo sijui.

#17 Mkerewe wa Bukindo

Jamani mmemwacha mzee wetu. Mimi ni mtu wa Ukerewe na nawaambia viboko vya Ngosha havihusiki.

Nyumbani kwetu kulikuwa na gobore la babu. Lilipigwa kwa mambo mawili tu: mkubwa wa ukoo akifariki, na siku ya kuanza kulima shamba la babu. Mlio wa shamba ulikuwa wa kuwaambia waliolala pale chini ya mti kwamba watoto wameingia kazini. Baba yangu alikataa kulima mpaka kaka yake mkubwa apige. Serikali ilipotaka magobore yasajiliwe, baba mkubwa alilipeleka akasajili, hakukubali lichukuliwe.

Sasa mwangalieni mzee wa uzi huu. Anakuja mvua za kwanza. Risasi moja inapigwa mara anaporudi na hiyo inakaa karibu mwaka mzima, harufu inaisha. Nyingine inapigwa karibu na safari yake. Moja ya kufungua mwaka, moja ya kuufunga. Na alimjibu nini kijana? "Hesabu." Siyo hesabu ya polisi hiyo. Ni hesabu anayowapa wenye shamba.

#18 Kijana wa Nyakato

Hapa Mkerewe amenigusa. Ingawa mimi nilikuwa nawaza mganga. Kuna watu wanatafuta maganda ya risasi wafungie dawa.

#19 Mkerewe wa Bukindo

Angekuwa anayatafuta asingeyarudisha dukani, mdogo wangu. Soma uzi kuanzia juu.

#20 Afisa Pori

Nimechelewa, ila nimwombe Ngosha wa Magu asiwape watu ushauri wa kiboko. Kiboko ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na bunduki ya marisau kwa kiboko ni kumjeruhi na kumwachia jirani yako akiwa na hasira. Anatoka majini usiku, anakula majani hadi kilo 40, anarudi kwa njia ile ile aliyokuja nayo. Watu wengi wanaouawa wamesimama katikati yake na maji. Mlio unamtoa leo, kesho anazoea.

Akila shamba, ripoti kijijini na kwa afisa wanyamapori wa halmashauri upimiwe. Kuna kanuni tangu 2011, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Na hayo mashamba yenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa pasiwe na shughuli. Ukilima ndani ya hizo mita, umelima mlangoni kwa kiboko.

#21 Ngosha wa Magu

Afisa nakuheshimu, na la kiboko mwenye hasira nimelipokea. Ila hizo mita 60 mnazipimia wapi? Shamba la baba yangu lilikuwa mbali na maji, tulikuwa tunachota kwa punda. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likapita hata rekodi ya 1964. Maji yakaja yakakaa kwenye mpunga, kiboko akaja na maji. Hatukumfuata sisi. Baba alisimama juu ya kichuguu anatazama mapapai yake yanaelea, hakuongea siku mbili. Hicho kifuta jasho tuliandika karatasi mpaka tukachoka, kikaja kidogo na kimechelewa, watoto wameshalala njaa. Nasema kwa uchungu, samahani.

#22 Afisa Pori

Ngosha, huna cha kuomba samahani. La 2020 ni kweli tupu, nilikuwa kazini nikaona kambi za wavuvi zimemezwa. Sheria inapima kutoka kwenye ukingo, na ukingo wenyewe ulihama. Nami kifuta jasho kidogo nimeshakikabidhi kwa mkono wangu kwa mama mwenye ekari mbili, nikashindwa kumtazama usoni.

#23 Boya Jeupe

Mwaka ule hata chanja zetu za dagaa zilienda na maji. Tulianika juu ya mapaa.

#24 Mama Minza

Pole Ngosha, mpe pole na mzee. Jamani turudi kwa babu wa risasi mbili. Mleta uzi, maganda yale mlikuwa mnayatupa?

#25 Kaunta ya Zamani

Mama Minza, swali lako limenitoa kitandani.

Hatukuwa tunayatupa yote. Mengi yaliishia kwenye debe la taka ila mimi nilikuwa na kopo la maziwa ninalowekea skrubu chini ya kaunta, na nilipoacha kazi niliondoka nalo. Sasa hivi nina duka la vifaa vya ujenzi, lile kopo liko stoo. Nimeenda na tochi, nimelimwaga lote sakafuni. Nimekuta maganda manne ya mzee. Najua ni yake kwa sababu alikuwa anayafunga mawili mawili kwa uzi wa nyavu wa kijani, na uzi bado upo.

Nawaeleza ninachoona. Yote manne ni mekundu, shaba yake imefifia. Jozi moja, kila ganda lina shimo moja la pini katikati ya fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, safi. Jozi ya pili, ganda moja liko hivyo hivyo. La nne lina mashimo mawili: moja la kina, na pembeni yake jingine dogo, halikuzama, kama alama ya ukucha.

#26 Fundi Mtutu

Hilo ganda limepigwa mara mbili. Mara ya kwanza pini imegusa bila nguvu, risasi haikulia. Akafungua, akaligeuza kidogo au lilijigeuza lenyewe, akafunga, akafyatua tena, likalia. Springi ya Greener yake imechoka. Inaunga mkono niliyosema: bunduki ya kizee, inatumika kwa kubembelezwa.

#27 Samaki Mkavu

Au fataki imepata unyevu. Mtu wa kisiwani huyo, risasi imekaa mwaka mzima kwenye nyumba yenye mvuke wa ziwa. Ndiyo maana hanunui boksi! Anajua ikikaa muda mrefu inalala. Ananunua za mwaka mmoja, ikifika mwezi wa 11 anazimaliza, anachukua mpya. Anabadilisha akiba, kama tunavyobadilisha dawa kabatini.

#28 Fundi Mtutu

Maganda ya karatasi ya zamani ndiyo yalikuwa yanavimba kwa unyevu. Ya plastiki yanavumilia. Na unyevu kwenye fataki haukupi shimo dogo. Shimo dogo ni pigo dogo.

#29 Samaki Mkavu

Lakini unyevu unaweza kukwamisha pini yenyewe. Grisi inaganda na vumbi.

#30 Fundi Mtutu

Hapo umenipata. Inawezekana.

#31 Mkerewe wa Bukindo

Nyote mnaongelea chuma. Mtu mzima anayefyatua, inagoma, anafungua mlango wa bunduki ambayo ingeweza kulia usoni pake, anarudia. Kwa nini asiache? Mwenye kufukuza kiboko angepiga debe. Huyu alikuwa analazimika ile risasi ilie siku ile. Mimi nabaki na langu.

#32 Afande Mstaafu

Kuna jingine hamjaligusa. Miaka hiyo visiwani kulikuwa na uvamizi, watu wanakuja na mitumbwi usiku kupora injini na nyavu. Mzee mwenye bunduki halali kijijini ni ulinzi wa watu wengi. Unapiga mmoja, usiku mmoja, habari zinaenda mwalo hadi mwalo kwamba pale pana bunduki inayolia. Unaitunza sifa hiyo kwa mlio mmoja baada ya miezi kadhaa. Nilimjua mzee wa namna hiyo upande wa Sengerema. Na yeye alikuwa na hesabu ya kila risasi, maana kijiji kilimchangia kuzinunua.

#33 Kijana wa Nyakato

Afande! Basi "hesabu" ni ya wachangiaji? Anawaonyesha maganda?

#34 Afande Mstaafu

Angewaonyesha kijijini, asingeyaacha Mwanza. Hapo na mimi nimekwama.

#35 Dada wa Kirumba

Narudia swali langu la #4, naona mmelipita kama daladala iliyojaa. Kaunta ya Zamani, mzee alikuwa anakuja peke yake?

#36 Kaunta ya Zamani

Dada yangu, nisamehe sana, sikuliona.

Hapana. Alikuwa anakuja na mtoto wa kike. Mwaka wa kwanza nilioshika rejista mimi alikuwa wa kama miaka saba, alikaa kwenye kile kiti cha mlinzi, miguu haifiki chini. Nilimpa peremende. Kila mwaka yule yule, amerefuka. Baadaye macho ya mzee yalipungua, akawa yeye ndiye anayemsomea pale pa kusaini na kumshika mkono kwenye mstari. Mwaka 2016 alikuwa binti mkubwa, ana sweta la shule, na pesa ilikuwa kwake. Alizihesabu noti juu ya kaunta, akazigeuza zote zitazame upande mmoja.

#37 Dada wa Kirumba

Na maganda alikuwa anayatoa nani?

#38 Kaunta ya Zamani

Ngoja.

Mzee ndiye aliyeyatoa kwenye koti. Lakini 2016 aliyafungua binti. Ule uzi wa kijani, yeye ndiye aliyeufungua, kwa meno, kama babu yake. Akaweka moja kwanza, akasema, "La babu." Akaweka la pili, hakusema kitu.

Dada, hii kitu nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka ninavyoandika sasa hivi.

#39 Mama Minza

Mungu wangu.

#40 Fundi Mtutu

Kaunta, yale manne uliyonayo, yenye uzi bado, ni ya mwaka gani? Lile la mashimo mawili lilikuwa jozi ya mwaka gani?

#41 Dada wa Kirumba

Fundi, acha maganda kidogo. Huyo binti leo ana miaka ishirini na kitu, na yuko hai kuliko sisi sote kwenye uzi huu. Kaunta, sweta lilikuwa rangi gani? Mimi dada yangu anafundisha Nansio.

#42 Kaunta ya Zamani

Bluu ya kukoza, lina mstari mwembamba wa njano shingoni. Kiwiko cha kulia kimeshonewa kiraka, kwa uzi wa nyavu.

#43 Dada wa Kirumba

Nampigia asubuhi.